Fizikia itamlisha nani?

Majuzi nilikuwa Moi's Bridge kwa dada yangu. Kwa msomaji wa Lamu au Likoni ambaye hajafika kule, ni mji wa mahindi ulioko kwenye barabara ya Eldoret kwenda Kitale. Jina lake limetokana na daraja la mto Nzoia. Zamani uliitwa Hoey's Bridge, kwa jina la mlowezi wa Kizungu, na wazee wengine mpaka leo hawajaliacha jina hilo. Dada yangu ameolewa huko miaka mingi. Mumewe hununua mahindi kwa wakulima na kuyapakia malori, na mengine mwisho wake ni Kongowea.

Nilifika nikakuta nyumba haina amani. Mpwa wangu yuko Gredi ya 9 na shule imempa fomu ya kuchagua mkondo atakaoufuata Sekondari Pevu, pamoja na masomo yake matatu. Yeye anataka fizikia iwemo. Baba yake hataki. Chakula cha usiku kilipoandaliwa shemeji alinigeukia kama mtu aliyepata hakimu.

"Shemeji, wewe ni mtu wa magazeti. Niambie, fizikia itamlisha nani? Mwalimu wa fizikia wa hapa analima mahindi kama sisi."

Sikumjibu papo hapo. Mimi nimesoma mpaka diploma, tena si ya sayansi. Lakini nilimtazama kichwa chake, pale juu ya sikio la kushoto ambapo nywele hazijaota sawasawa, nikajua kuwa jibu liko hapo hapo.

Mwaka jana, mwezi wa Rajabu, shemeji aliteleza akaanguka kutoka juu ya lori akipanga magunia. Alisimama, akapangusa vumbi, akaendelea na kazi. Siku ya tatu kichwa kikamuuma kupita kiasi, akatapika, maneno yakaanza kumponyoka. Alikimbizwa hospitali Eldoret. Alilazwa kwenye kile kitanda kinachoingia ndani ya duara kubwa, na baada ya muda mfupi daktari akawaonyesha kwenye kioo cha kompyuta: damu imeganda chini ya fuvu na inausukuma ubongo. Alipasuliwa siku ile ile. Leo, alhamdulillahi, ana nguvu za kugombana na mwanawe.

Lile duara ni mashine ya CT. Nani aliyefikiria kwanza kuwa inawezekana kumkata mtu vipande kwa hesabu, bila kisu? Mmoja wao ni mwalimu wa fizikia, na ni mtu wa Afrika.

Kabla ya kumfikia, tuielewe kazi yenyewe. Eksirei iligunduliwa na Mjerumani Wilhelm Röntgen, tarehe 8 Novemba 1895. Wiki chache baadaye aliupiga picha mkono wa mkewe, ikaonekana mifupa na pete. Mwaka 1901 Tuzo ya Nobel ya fizikia ilipotolewa kwa mara ya kwanza, alipewa yeye. Mionzi hii ni ndugu wa mwanga wa kawaida, ila nguvu yake ni kubwa zaidi, kwa hivyo hupenya nyama. Mfupa una kalsiamu, ambayo atomu zake ni nzito kuliko za nyama na maji, basi huinyonya zaidi. Kile unachokiona kwenye filamu ni kivuli tu: penye mfupa mionzi haikufika sana, penye nyama imepita.

Shemeji alinisikiliza mpaka nilipotaja kupenya, akasema, "Kama bambo."

Sikuwahi kusikia mfano mzuri kuliko huo. Bambo ni kile chuma chenye ncha na mfereji ambacho mnunuzi hukichoma kwenye gunia, kikatoka na punje chache, akajua kama mahindi ya ndani yameoza bila kulifungua gunia. Eksirei ni bambo isiyoacha tundu. Lakini bambo moja inakudanganya. Ukichoma upande mmoja utapata habari za mstari ule ule tu ulipopita chuma. Na kivuli vilevile: kichwani, fuvu la mbele na fuvu la nyuma yote yanaanguka juu ya picha moja, na ubongo uko katikati umefichwa. Damu iliyoganda na ubongo wenyewe havitofautiani sana kwa kunyonya mionzi. Eksirei ya kawaida ingemuonyesha shemeji fuvu lake na kumuacha afe.

Basi nikachukua karatasi, nikamwita mpwa wangu, nikawapa wote wawili fumbo. Kuna magunia manne ghalani. Mawili yako safu ya mbele, mawili safu ya nyuma, yametazamana. Hujui uzito wa hata moja. Umeambiwa tu kuwa safu ya mbele ni kilo 190 na safu ya nyuma ni kilo 170. Ukipima kwa upande wa pili, yaani la mbele na lililo nyuma yake, kushoto ni kilo 180 na kulia ni kilo 180. Kila gunia lina kilo ngapi?

Shemeji, ambaye hesabu za magunia ndizo maisha yake, alisema haraka: 95 na 95 mbele, 85 na 85 nyuma. Binti yake akasema: 100 na 90 mbele, 80 na 90 nyuma. Wakatazamana. Wote wawili wako sawa, hebu jumlisheni wenyewe. Maana yake ni kuwa vipimo vile havitoshi. Nikawaongezea kipimo kimoja cha mshazari: gunia la kulia mbele na la kushoto nyuma, pamoja, ni kilo 170. Hapo jibu la baba likaanguka, maana yake ni 180. La binti likasimama, na hakuna jingine.

Hiyo ndiyo CT. Mashine inakizunguka kichwa, inapitisha eksirei kutoka pembe nyingi, na kila mara inaandika jumla ya mionzi iliyonyonywa katika kila mstari. Kisha kompyuta inafumbua fumbo, ila badala ya magunia manne kuna maelfu ya vidoa vidogo vidogo. Mwisho wake kila kidoa kinapata namba yake. Damu inapata namba yake na ubongo namba yake, hata kama tofauti ni ndogo.

Sasa yule mwalimu. Jina lake ni Allan Cormack, alizaliwa Johannesburg mwaka 1924. Babake alikuwa mhandisi, mamake mwalimu. Baba alipofariki familia ikahamia Cape Town. Chuo Kikuu cha Cape Town alianza na uhandisi wa umeme, akauacha akaingia fizikia, na shahada yake ya uzamili ilikuwa juu ya fuwele, elimu ambayo chombo chake kikuu ni hiyo hiyo eksirei. Akaenda Cambridge kutafuta uzamivu. Huko alihudhuria mihadhara ya kwantamu ya Paul Dirac, na darasani akakutana na binti wa Kimarekani aliyekuja kumuoa. Pesa zikamwishia. Akamwandikia profesa wake wa zamani kuuliza kama kuna kazi, akarudi Cape Town mwaka 1950 kuwa mhadhiri, na uzamivu hakuupata kamwe. Waliosoma ugenini wakaitwa na maisha nyumbani watamwelewa.

Mwaka 1956 hospitali ya Groote Schuur ilikuwa imebaki bila mwanafizikia. Sheria ya nchi ilitaka dawa zenye mionzi zisimamiwe na mwanafizikia mwenye sifa, na mjini pale mtaalamu wa nyuklia alikuwa ni Cormack peke yake. Akaombwa kushika nafasi hiyo siku moja na nusu kwa wiki. Alikaa kwenye chumba cha tiba ya mionzi akiwatazama madaktari wakipanga dozi za wagonjwa wa saratani, na kitu kikamkera. Mahesabu yao yalifanywa kana kwamba mwili ni kitu kimoja tangu ngozi mpaka ndani. Lakini mapafu ni hewa na uti wa mgongo ni mfupa, na mionzi haipiti sawa. Unawezaje kumpimia mtu dozi kama huna ramani ya ndani yake?

Hakuwa ameombwa kulijibu swali hilo. Hapo ndipo penye siri ya kazi ya mwanafizikia, na ndipo watu kama shemeji wanapoona uvivu: mtu analipwa kufundisha, halafu anakaa anasumbuliwa na swali lisilo lake. Cormack aliona kuwa ni fumbo la hesabu. Mwaka 1957 alichukua kisahani cha alumini kilichozungushiwa pete ya mbao, akakipitishia mionzi ya gama, akapiga hesabu kwa mkono. Namba zikatoka vizuri isipokuwa katikati kabisa, palikuwa na kasoro. Alipouliza karakana iliyokitengeneza, akaambiwa kuwa katikati pale pana kijiti cha alumini iliyotofautiana kidogo na ile nyingine. Hesabu ilikuwa imekiona kitu ambacho mwenye kisahani hakukijua.

Mwaka huo huo alihamia Marekani, Chuo Kikuu cha Tufts. Kazi yake rasmi ilikuwa fizikia ya nyuklia na chembe ndogo. Hili la picha akilifanya akipata nafasi. Alichapisha makala mbili, mwaka 1963 na 1964. Dunia haikushughulika. Barua chache zilikuja kuomba nakala, na mojawapo ilitoka kwa kituo cha Uswisi kinachotafiti maporomoko ya theluji. Madaktari, kimya. Tena baada ya miaka mingi ndipo alipojua kuwa fumbo lake la hesabu lilikuwa limeshafumbuliwa mwaka 1917 na mwanahisabati Johann Radon, ambaye hakuwa na habari yoyote na mambo ya hospitali.

Kule Uingereza, Godfrey Hounsfield, mhandisi wa kampuni ya EMI, alilifikia wazo hilo kwa njia yake mwenyewe bila kumjua Cormack, na yeye ndiye aliyeunda mashine. Tarehe 1 Oktoba 1971 mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya kichwa katika hospitali ya Atkinson Morley, London. Mwaka 1979 wawili hao waligawana Tuzo ya Nobel ya tiba. Cormack hakuwa na uzamivu. Hounsfield alikuwa na diploma ya chuo cha ufundi wa umeme. Mstari huo, mimi mwenye diploma, niliusoma mara mbili.

Mpwa wangu akauliza, "Na kwantamu inaingia wapi, mjomba?" Alikuwa amelisikia neno hilo shuleni, maana Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 2025 kuwa mwaka wa sayansi na teknolojia ya kwantamu. Hili nalo nitalieleza kwa ufupi kwa sababu kina chake kinanizidi. Mwanzoni mwa karne iliyopita, Planck kisha Einstein walionyesha kuwa nishati ya mwanga haimiminiki kama maji ya bomba. Huja kwa kipimo, kama mahindi yanavyouzwa kwa gorogoro: gorogoro moja, mbili, tatu, wala hakuna nusu. Kila kipimo cha mwanga huitwa fotoni. Eksirei ni fotoni zenye nguvu nyingi, na mfupa unapoinyonya, ni fotoni moja moja inayokamatwa na atomu. Mashine za zamani za CT hupima mwangaza kwa jumla. Mwaka 2021 Marekani iliidhinisha mashine ya kwanza ya aina mpya, inayohesabu fotoni moja moja na kujua nguvu ya kila moja, kwa hivyo picha ni safi zaidi. Mashine ya MRI, ile isiyotumia eksirei, nayo husikiliza tabia ya kwantamu ya viini vya haidrojeni katika maji ya mwili. Hata simu uliyoishika haingekuwepo kama watu hawakuelewa tabia za elektroni ndani ya silikoni.

Wala si lazima uende Ulaya kuyakuta mambo haya. Nje kidogo ya mji wa Eldoret, safari isiyo ndefu kwa matatu kutoka Moi's Bridge, iko Chepkoilel, ambako leo ni Chuo Kikuu cha Eldoret. Wanafizikia wa pale, akina George Amolo na Nicholas Makau, walijenga kundi la utafiti linalotumia kompyuta kukokotoa tabia za vitu kwa kanuni za kwantamu. Ukitaka kujua kama madini fulani yatafaa kwa umeme wa jua, au yatakuwa magumu kiasi gani, unaanza na elektroni zake kwenye kompyuta kabla hujagharamika maabara. Mwaka 2012 mafunzo ya ASESMA, yanayowakusanya wanafunzi wa Afrika nzima katika elimu hiyo, yalifanyika hapo hapo Chepkoilel. Nilipowaambia, shemeji alishangaa. Malori yake yanapita Eldoret kila wiki.

Na sisi watu wa pwani tusijione wageni katika elimu hii. Dkt. Mohamed Gharib Bilal wa Zanzibar wengi tunamkumbuka kwa siasa, Waziri Kiongozi kisha Makamu wa Rais wa Tanzania kuanzia 2010 hadi 2015. Kabla ya hayo alikuwa mwanafizikia. Alisoma Chuo Kikuu cha Howard, kisha Berkeley, California, ambako alipata uzamivu wa fizikia ya nyuklia mwaka 1976, akarudi kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ukirudi nyuma zaidi, Ibn al-Haytham wa Basra, miaka elfu moja iliyopita, aliandika Kitab al-Manazir akieleza kuwa tunaona kwa sababu mwanga unaingia machoni, si kwa sababu macho yanatoa miale. Tunalitaja jina lake kwenye mihadhara ya Ramadhani kwa fahari. Vijana wetu wangapi wamewahi kukaa kwenye maabara ya mwanga?

Hili linaniuma kwa sababu nyingine pia. Serikali ilipotaka kujenga kinu cha nyuklia Uyombo, kule Kilifi, wakazi walipinga, na mwaka 2024 tuliona maandamano. Mimi nilikuwa upande wa wakazi na bado niko. Lakini nilipokuwa nikiandika habari zile nilitafuta mtoto wa pwani mwenye fizikia ya nyuklia anisaidie kuelewa ripoti, sikumpata kwa urahisi. Wataalamu walikuwa wa upande wa waliotaka kujenga. Kule Mrima, Kwale, mlima wetu una niobiamu na mionzi ya asili inayozidi kawaida. Wachimbaji walishautolea macho, na kesi ikafika mahakama za nje. Siku mambo haya yatakaporudi, na yatarudi, nani upande wetu atakayesoma zile namba na kusema hii ni kweli na hii ni danganya toto?

Sikumficha shemeji upande mchungu. Njia ya mwanafizikia ni ndefu: shahada ya kwanza, uzamili, uzamivu, na mara nyingi mtu anakaribia miaka 35 ndiyo kwanza anaanza kazi ya kudumu. Vyuo vyetu vikuu vina madeni na mishahara inachelewa. Ada na ufadhili ni kugombania. Wapo waliomaliza wakafanya kazi benki. Nilimwambia pia kuwa fizikia haina mlango mmoja. Tiba ya mionzi ya saratani haiendi bila mwanafizikia wa kukokotoa dozi, kazi ile ile aliyoshikishwa Cormack siku moja na nusu kwa wiki. Iko mamlaka ya serikali ya kudhibiti mionzi. Viko viwango, hali ya hewa, mawasiliano. Iko Trieste, Italia, kwenye kituo alichokianzisha Mpakistani Abdus Salam mwaka 1964 kwa ajili ya wanafizikia wa nchi maskini, na tawi lake liko Kigali. Salam naye alipata Nobel yake, ya fizikia, mwaka huo huo wa 1979 na Cormack.

Shemeji aliuliza swali moja tu. "Huyo Cormack, wakati barua zinakuja za watu wa theluji, alikuwa anakula nini?"

"Mshahara wa ualimu."

Alinyamaza. Dada yangu, ambaye jioni nzima hakuingilia, akaanza kuondoa sahani. Mpwa wangu alikuwa bado na ile karatasi ya magunia, anajaribu magunia tisa, safu tatu kwa tatu, anataka kujua ni vipimo vingapi vitatosha. Baba yake akasogea pembeni yake kumuonyesha kuwa gunia la kati ndilo gumu. Ni kweli, ndilo gumu.

Fomu ilirudi shuleni Jumatatu. Dada alinipigia simu nikiwa tayari Mombasa. Fizikia imo, na kemia. La tatu ni kilimo, hilo ni sharti la baba.